Mwananyamala: huyo mwana alikuwa ananyamazishwa na nani, na kwa nini?

#1 Mtoto wa Kisiwani
Wakuu habari za jioni. Wenyeji wa Kinondoni hapa Dar es Salaam naomba mnisaidie, hili jambo linanitesa wiki nzima. Kijana wangu yupo darasa la nne kapewa kazi aandike historia ya mtaa anaoishi, na sisi tunakaa Mwananyamala Kisiwani. Kaja kaniuliza baba Mwananyamala maana yake nini, nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni Kizaramo, mwana nyamala, yaani mtoto nyamaza, zamani huku lilikuwa pori lina simba, kina mama wakipita na watoto mgongoni wanawaambia wanyamaze simba asisikie. Dogo kaandika vilevile. Jana daftari limerudi, mwalimu kaweka alama ya kuuliza nyekundu, kubwa kama ndoana ya papa, na pembeni kaandika "nani kakuambia?"

Sasa nimekaa hapa najiuliza na mimi, nani aliniambia? Nimezaliwa hapahapa, hiyo hadithi ya simba naijua toka sijaanza kuvaa suruali, lakini aliyenisimulia simkumbuki. Mwenye historia kamili aiweke hapa, na iwe na ushahidi jamani, sitaki daftari lirudi mara ya pili.

#2 Chapati Mbili
Nimewahi siti ya dirishani. Ngoja wajuvi waje.

#3 Mzaramo Halisi
Mkuu simba hayumo. Hilo la simba la kulalia watoto. Sisi wenye lugha yetu tumeambiwa na wazee ni mambo ya watumwa. Watu walikuwa wanapitishwa huku kwenda Bagamoyo wamefungwa, sasa wanakijiji wakisikia msafara unakuja wanakimbilia vichakani na watoto wao, mtoto akianza kulia mama anamziba mdomo, mwana nyamala, mwana nyamala. Akilia mmoja kijiji kizima kimekwisha. Bibi yangu mzaa mama akifika hapo alikuwa anashusha sauti kama vile bado wako nje ya dirisha. Mwandikie hivyo huyo mwalimu.

#4 Ngalawa77
Namba 3 hadithi yako inasikitisha lakini ramani inakataa. Misafara mikubwa ilitoka Ujiji na Tabora ikashukia Bagamoyo, haikuwa na sababu ya kuja kuzunguka Mwananyamala halafu irudi tena kaskazini, ni sawa na mtu anatoka Morogoro anaenda Chalinze anapitia Kibaha. Na Dar yenyewe Sultani Majid kaanza kuijenga 1862, kabla ya hapo ni kijiji cha Mzizima. Majid kafa 1870 mji ukadorora, 1873 soko la watumwa Zanzibar likafungwa. Huo msafara wa Mwananyamala ulipata nafasi saa ngapi?

#5 Mzaramo Halisi
Kwa hiyo bibi yangu muongo?

#6 Ngalawa77
Sijasema hivyo mkuu. Nimesema ramani.

#7 Mzaramo Halisi
Basi sikiliza. Si lazima uwe msafara wa watu mia tano na ngoma mbele. Kulikuwa na wezi wa watu, wawili watatu na kamba, wanavizia kisimani, hao hawafuati ramani yako. Na hao ndio wa kuogopwa zaidi kwa sababu huwasikii wakija, wao ndio wanakusikia wewe.

#8 Jangwani Damu
Naungana na namba 3, simba hajawahi kuwepo Mwananyamala. Simba yupo mtaa wa Msimbazi na hata huko hamtishi mtoto.

#9 Lunyasi Mtulivu
Mtani, mwana nyamala.

#10 Mjukuu wa Akida
Hahaha namba 9 umemmaliza. Tukirudi kwenye mada, kwetu tumesimuliwa tofauti kabisa. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba, 1898 hiyo, rupia tatu kwa nyumba, na rupia wakati huo mtu wa kawaida anaipatia wapi, akida, yule mkubwa wa eneo waliyemweka wao, alikuwa anakuja na askari kuhesabu nyumba zenye watu. Huna rupia unachukuliwa ukafanye kazi. Kwa hiyo wakionekana tu kwa mbali watu wanafunga milango wanajifanya hawapo, na kitu pekee cha kuwaumbua ni mtoto. Ndio hapo mwana nyamala. Babu alikuwa anaisimulia akicheka, maana anasema kuku ndio walikuwa hawanyamazi.

#11 Mwalimu Mstaafu
Vijana nawasalimu. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, niseme upande wa lugha tu, mengine nawaachia.

Nyamala ni nyamaza, hapo hakuna ubishi. Kiswahili kimeangusha ile L katikati ya irabu, lugha za jirani zimebaki nayo. Sisi tunasema mvua, Wazaramo wanasema mvula. Sisi njaa, wao nzala. Vivyo hivyo Kiswahili cha zamani ni nyamaa, na wenzetu wa mwambao wa kaskazini hadi leo utawasikia "nyamaa!", sisi tukaongeza kiambishi ikawa nyamaza. Kwa hiyo nyamaa na nyamala ni neno moja, moja limeng'oka jino. Lakini lugha inakwambia walichosema tu, walikuwa wanaogopa nini haikwambii. Simba, mwizi wa watu, akida, wote wanamfaa mama mwenye mtoto analia.

Na huyo mwalimu wa kijana kanifurahisha. Swali lake ni zuri kuliko jibu la baba.

#12 Mtoto wa Kisiwani
Shikamoo mwalimu. Asante, japo umenipiga kijembe. Kwa hiyo mpaka sasa tuna simba, watumwa na kodi. Jumapili naenda Mbezi kumsalimia bibi mzaa baba, yeye kakulia huku Mwananyamala kabla nyumba hazijabanana hivi, nitamuuliza nilete majibu.

#13 Bi Shuka
Mnahangaika na kunyamazisha, hamjajiuliza hilo neno la kwanza. Huku kwetu Tanga, na ukipanda mpaka Mombasa na Lamu, Mwana ni heshima ya mwanamke. Mombasa wana Mwana Mkisi wanayemtaja kama malkia wao wa kale, kuna Mwana Kupona yule mshairi. Sasa nani kawaambia huyu mwana wenu ni mtoto mchanga? Pengine palikuwa na bibi mwenye mji wake hapo, mwenye visima au minazi, jina lake Mwana Nyamala, watu wakawa wanasema naenda kwa Mwana Nyamala. Yakaisha. Mitaa mingapi ya Dar inaitwa kwa fulani?

#14 Chapati Mbili
Yaani mtu anaitwa Bibi Nyamaza? Wazazi wake walikuwa na hasira gani jamani?

#15 Bi Shuka
Mwanangu, mimi nina shangazi anaitwa Sikudhani, na jirani yangu Tabu, na mdogo wake Shida. Ukimkubali Sikudhani utamkataaje Nyamala? Pengine kazaliwa usiku wa msiba, au alikuwa mtoto wa kulia sana. Majina ya zamani yalikuwa habari ya siku ile.

#16 Mwalimu Mstaafu
Hoja ya Bi Shuka ina mashiko, sikuifikiria. Nampa vema.

#17 Mzaramo Halisi
Sasa Watanga nao wamekuja kutuhamishia mtaa 😂 Mama shikamoo lakini. Mzaramo akisema mwana anamaanisha mtoto.

#18 Dogo wa Mpakani
Uzi mtamu. Mimi nipo jirani tu hapo Kijitonyama, je na sisi? Nilivyosikia palikuwa na machinjio kandokando ya kijito, damu na mifupa vinatupwa majini ndo kikaitwa kijito cha nyama. Mwingine kaniambia ni wawindaji walikuwa wanagawana nyama pale.

#19 Mwalimu Mstaafu
Zamani neno nyama lilitumika kwa mnyama mzima pia, siyo kwa kitoweo tu. Hiyo "m" ya mnyama tumeivalisha baadaye. Kwa hiyo kijito nyama inaweza kuwa kijito wanachonywea wanyama. Bila machinjio yoyote.

#20 Mtoto wa Kisiwani
HAPO SASA! Kama Kijitonyama walikuwa wanakunywa wanyama, na Mwananyamala ni hapo tu ukivuka barabara, basi aliyekuwa anawala hao wanyama naye alikuwa maeneo. Simba wangu karudi.

#21 Ngalawa77
Mkuu wanyama wanaweza kuwa ngedere na digidigi. Usimrudishe simba kwa mgongo wa digidigi.

#22 Chapati Mbili
Kijitonyama hapa, mto Ng'ombe pale Tandale. Hii wilaya ilikuwa bucha.

#23 Dogo wa Mpakani
Mto Ng'ombe usiutanie, kabla haujajengewa zile kuta za zege mvua za masika zilikuwa zinaingia mpaka chumbani kwa dada yangu, godoro linaelea na simu juu yake inachaji. Simu ilipona, godoro tulilianika juu ya bati siku nne likawa na harufu ya dagaa, tukaligawa.

#24 Konda wa Ikarusi
Nimesoma toka mwanzo nimecheka sana. Nyie mnatafuta majina kwa Wajerumani na kwa masultani wakati majina ya huu mji tumeyaweka sisi. Mimi nimekuwa konda, nimeanza bado mdogo UDA, lile shirika la mabasi la mji, wana yale mabasi marefu ya Hungaria Ikarusi yenye kiungo katikati kama akodiani, ukikaa kwenye kiungo basi likikata kona unazungushwa na wewe, baadaye 1983 watu binafsi wakaruhusiwa rasmi tukahamia huko, nauli shilingi tano ndio hiyo dala, konda anaita dala dala basi jina likabaki mpaka kesho. Sasa sikilizeni, barabara hazina vibao, vituo havina majina, abiria anakwambia nishushe pale penye mwembe mkubwa wanapouza chai, wewe utaita sentensi yote hiyo? Unaita Mwembechai! Anasema nishushe pale makaburini, unaita Makaburini. Pale vijana wanapokaa, Kijiweni. Wewe ukiita mara tatu kwa siku, na wenzio wakiita, mwezi ukiisha hata diwani anaita hivyohivyo. Pale Sinza kwa Remmy nimeita mimi.

#25 Chapati Mbili
Mzee shikamoo lakini hiyo ya mwisho ni chai, tena ya maziwa.

#26 Konda wa Ikarusi
Marahaba. Chai unakunywa wewe. Mimi niliita nikiwa nimening'inia mlangoni na wenzako walishuka.

#27 dada_Sinza
Mimi nimekulia hatua chache toka kwa Remmy kwahiyo msiniletee. Dokta Remmy alikuwa anakaa pale kweli, sisi tukitoka shule tunachungulia getini tukitegemea kuona gitaa, tunaona kamba ya nguo tu. Alikuwa Mngoni wa Songea ndio maana bendi yake ikaitwa Super Matimila, Matimila ni kijiji cha huko kusini. Kafariki 2011.

#28 Ngalawa77
Dada kijiji umepatia, mengine hapana. Remmy Ongala kazaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Kaja Dar 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, Matimila ni baadaye. Na kafariki 13 Desemba 2010.

#29 dada_Sinza
Kongo nilikuwa nasikia nikadhani ni utani wa wanamuziki, maana zamani kila mpiga gitaa alikuwa anajifanya Mkongo. Sawa nimekubali. Mwaka nilichanganya kwa sababu Januari yake ndio nilihama.

#30 Afisa Viwanja
Naomba nisahihishe kitu. Kwanza Sinza siyo Kinondoni tena, toka Ubungo ikatwe kuwa wilaya Sinza imeenda huko pamoja na Manzese na Mabibo. Mwananyamala, Kijitonyama na Magomeni ndio zimebaki Kinondoni.

Pili, mnavyozungumza kama Sinza ni mtaa wa kale. Sinza mnayoiona, ya mitaa iliyonyooka, ni ya kupimwa. Ule mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia 1974, ndio ulioleta Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilizopimwa. Serikali inakupa kiwanja, barabara na bomba, nyumba unajenga mwenyewe kwa uwezo wako. Kiwanja cha kawaida mita 12 kwa 24, yaani mita za mraba 288. Manzese wao hawakupimwa upya, waliboreshewa palepale walipo. Awamu iliyofuata ikaenda Tandika, Mtoni, Mbagala na Tabata. Mtu akikwambia kiwanja cha babu yake Sinza kilikuwa ekari mbili, ama babu alikuwepo kabla ya mradi, ama ni ndugu wa yule aliyeita kwa Remmy.

#31 Konda wa Ikarusi
Nimekuona mpima.

#32 dada_Sinza
288 hiyo hiyo ndo tumekulia watu kumi na moja na mbuzi. Kila kaka akioa anajenga chumba uani mpaka ikafika mahali ukifungua mlango wa choo unagonga jiko la shemeji. Leo pale ni baa.

#33 Msukuma Mjini
Naombeni niulize kama mgeni. Nilivyofika Dar mara ya kwanza nilishangaa, napanda gari naambiwa tunapita Morocco, tunafika Biafra, kesho yake naenda Manzese nashushwa Argentina, kuna Sinza Palestina na kuna Vatican. Nikampigia mama nikamwambia nimeizunguka dunia kwa nauli ya daladala. Haya nayo yametoka wapi? Biafra niliambiwa ni kwa sababu Biafra walishinda vita 1970 wakasherehekea pale uwanjani.

#34 Ngalawa77
Walishindwa mkuu! Biafra ilisalimu amri Januari 1970 ikarudi kuwa Nigeria. Kinachotuhusu sisi ni kwamba Tanzania ndiyo nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, Mwalimu Nyerere alitangaza. Kwa hiyo jina lilikuwa midomoni mwa watu kila siku redioni.

#35 Mjukuu wa Akida
Redio sawa, lakini kwa nini uwanja ule? Mimi nimesikia ni mpira. Timu za mtaani zilikuwa zinapigana pale kila mechi, ngumi, mawe, refa anatoka mbio, ndio watu wakasema leo tunaenda Biafra, yaani vitani.

#36 Mzaramo Halisi
Mzee mmoja wa Hananasif aliniambia ni vumbi na njaa. Pale hapakuwa na mti wala duka, ukikaa kutwa unakauka kama zile picha za watoto wa Biafra magazetini. Roho inauma lakini ndivyo watu walivyokuwa wanataniana.

#37 Mwalimu Mstaafu
Hilo la magazeti na redio ndilo linalounganisha yote. Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli 1973 na Wapalestina wakawa na ofisi yao hapa Dar. Watu walikuwa wanasikiliza habari za dunia usiku, asubuhi wanaita vitu vyao.

#38 Lunyasi Mtulivu
Argentina basi ni Kombe la Dunia 1986, Maradona. Rahisi.

#39 Jangwani Damu
Au 1978 walipochukua kwao wenyewe. Leo tumekubaliana kwamba ni mpira mtani, tusigombane kwa mwaka.

#40 Konda wa Ikarusi
Ilikuwa baa. Mkitaka kujua jina la kituo chochote Manzese anza na baa. Kama mwenye baa aliipenda timu hilo ni lake. Na Morocco ilikuwa hoteli.

#41 Afisa Viwanja
Hoteli ilikuta kituo kinaitwa hivyo au kituo kilikuta hoteli?

#42 Konda wa Ikarusi
Sasa wewe unataka nikumbuke na siku ya kupiga plasta.

#43 Msukuma Mjini
Na Hananasif iliyotajwa namba 36? Niliambiwa ni "hana nafasi", eti mtu akienda kupanga pale anaambiwa hakuna nafasi.

#44 Ngalawa77
Hiyo ya nafasi ni ya vijiweni. Angalia maandishi ya ule mradi wa kuboresha makazi miaka ya 90, mtaa umeandikwa maneno mawili, Hanna Nassif. Hilo jina la mtu, lina sura ya watu wa Lebanoni na Siria.

#45 Mzaramo Halisi
Alikuwa na shamba la minazi, tumesikia hivyo. Wengine wanasema katani. Shamba lilikuwepo.

#46 Bi Shuka
Kwa hiyo mwanaume mwenye shamba mnamkubali haraka, kisa aliandikwa. Mwana Nyamala wangu kwa kuwa hakuandikwa mnamfanya mtoto mchanga. Haya.

#47 Chapati Mbili
Wakuu Bi Shuka kashinda uzi, tufunge.

#48 Mikoche Mitatu
Nimechelewa kufika. Nyie wote mmesahau kwamba majina mengi ni miti tu, hayana hadithi. Mikocheni ni mikoche, ile jamii ya mnazi yenye shina linalogawanyika. Mkwajuni mkwaju. Mabibo ni yale matunda ya mkorosho. Magomeni wengine wanasema ni magome ya miti, walikuwa wanayabandua kwa dawa au kwa kamba. Mtu alikuwa anaangalia mbele yake anaita alichokiona. Sisi ndio tunataka kila mtaa uwe na simba.

#49 Msukuma Mjini
Na Magomeni Mapipa? Mapipa hayaoti.

#50 Afisa Viwanja
Mapipa ya lami, wakati wa ujenzi wa barabara ya Morogoro. Hilo ndilo nililolisikia kazini.

#51 Mjukuu wa Akida
Sisi tuliambiwa mapipa ya maji, watu wanapanga foleni na mapipa.

#52 dada_Sinza
Na mimi niliambiwa ya pombe 😂

#53 Mwalimu Mstaafu
Mwenye uzi, kazi ya mtoto inasema historia ya mtaa, siyo jina tu. Kabla hujaandika mpeleke Magomeni, mtaa wa Ifunda, kuna nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere baada ya kuacha kazi ya kufundisha Pugu 1955, TANU ikiwa haijamaliza hata mwaka, maana ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida kabisa ya Magomeni, ukitembea haraka unaipita. Mtoto akiona kwamba mambo makubwa yalipangwa kwenye nyumba kama ya jirani yake atapata cha kuandika.

Mkirudi mpitishe Kijiji cha Makumbusho, ni jirani zenu pale Kijitonyama, aone nyumba ya Kizaramo ilivyokuwa inajengwa.

#54 Dogo wa Mpakani
Makumbusho siku hizi mtu akisikia anafikiria stendi tu. Toka daladala zihamishwe kutoka Mwenge 2014 hata mimi naulizwa "makumbusho gani, kuna kitu pale?"

#55 Mikoche Mitatu
Na akifika Magomeni amwonyeshe Kota. Mimi nimezaliwa zile kota za zamani, nyumba za chini, ukiwa mtoto unajua kila mlango nani anapika nini. Zikabomolewa, pakakaa uwanja mtupu miaka, tunapita na daladala tunanyoosheana vidole, pale palikuwa kwetu, pale kwa mama nani. Sasa ni maghorofa ya kaya 644, Rais Samia kayazindua Machi 2022. Mama yangu karudi. Anakaa ghorofa ya juu, anasema maji yanatoka na choo ni cha ndani, ila akimwaga maji ya kuoshea mchele hayamfikii jirani wa kugombana naye.

#56 Chapati Mbili
Hahahaha mama kamisi ugomvi.

#57 Jangwani Damu
Nimechungulia kuona kama bibi wa Mbezi kashatoa hukumu. Leo Jumatatu.

#58 Mtoto wa Kisiwani
Nimerudi wakuu. Samahani jana foleni.

Nimemkuta bibi barazani amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, kamweka dogo ubavuni kwake anamfundisha kutoa mawe. Nikamwambia bibi, mwalimu anataka kujua habari ya simba wa Mwananyamala. Kaniangalia. "Simba gani?" Nikamwambia yule wa mwana nyamala. Akauliza nani kakuambia, ehe swali lilelile la mwalimu, nikafikiri sana nikasema nadhani ni baba. Bibi kacheka mpaka ungo ukatikisika. Anasema "Baba yako nilimwambia mimi. Alikuwa hakai ndani, magharibi ikiingia yeye ndio anatoka kwenda kwenye ngoma, nikamwambia huko njiani kuna simba."

Hivyo ndivyo simba alivyozaliwa katika familia yetu, wakuu. Nimebeba simba wa bibi miaka arobaini.

#59 Mzaramo Halisi
Nilisema toka namba 3!!! Simba hayumo.

#60 Ngalawa77
Hapana, subiri. Hiyo inaonyesha bibi alimtungia mtoto wake, haionyeshi kwamba hapakuwa na hadithi ya simba kabla. Watu wengine humu wamesimuliwa simba, wala bibi yako hawamjui. Mkuu ulimuuliza yeye mwenyewe aliambiwa nini na mama yake?

#61 Mtoto wa Kisiwani
Nilimuuliza. Kasema kwa mama yake hakuwahi kuuliza jina la mahali, kila akifungua mdomo anaambiwa nyamala.

#62 Mwalimu Mstaafu
Nimecheka peke yangu hapa mke wangu kaja kuangalia.

#63 Bi Shuka
Mwambie bibi namsalimu. Na umuulize kama alimfahamu mwanamke mwenye visima.

#64 Mjukuu wa Akida
Muulize na rupia.

#65 Mtoto wa Kisiwani
Nitauliza yote nikienda tena, Idi. Dogo kaandika upya jana usiku, kaweka simba, watumwa, kodi na Mwana Nyamala, kila moja na aliyesema, kwa hiyo wote mmo kwenye daftari kwa majina yenu ya humu. Chapati Mbili pia yumo, sijui kwa mchango gani.

#66 Chapati Mbili
Siti ya dirishani. Halafu wakuu kabla hatujatawanyika, hapohapo Mwananyamala kuna Komakoma. Hiyo nayo?

#67 Konda wa Ikarusi
Niliita mimi.